Juu ya Kutunga Muziki wa Utulivu

Mtungaji wa muziki wa vinanda usio na maneno, hasa muziki mpole wa kutuliza moyo, ana shida isiyompata mtungaji wa nyimbo za kuimba. Wimbo wenye kosa huwakwaza waimbaji, na kosa laonekana mara. Bali muziki mpole humlegeza msikilizaji. Akiulizwa, hujibu, "Ni mzuri," na huenda alikwisha kusinzia. Jibu hilo lamfaa nini mtungaji?

Na tumtazame Ludwig van Beethoven, Mjerumani aliyekaa mji wa Vienna. Katika miaka ya 1803 na 1804 alitunga sonata ya piano iitwayo Waldstein, kwa jina la mtukufu aliyetunukiwa. Katikati yake alitia sehemu ya polepole, tamu sana, ichukuayo kama dakika tisa kupigwa. Mwanafunzi wake, Ferdinand Ries, asimulia katika kitabu kilichochapwa mwaka 1838 ya kuwa rafiki mmoja alimwambia Beethoven kwamba sonata ile ni ndefu mno. Rafiki akakemewa vikali! Lakini hasira ilipotulia, Beethoven aliyapima maneno yale, akaiondoa sehemu ile, akatia nyingine fupi, yenye vipimo 28 tu.

Kwa maoni yangu rafiki yule alisema kweli. Sehemu iliyoondolewa ina wimbo mmoja unaorudi tena na tena, kila mara umezidishiwa mapambo. Ukiusikiliza peke yake, wapendeza mno. Ukiwekwa kati ya sehemu mbili ndefu zenye nguvu, ni kama kumwandalia mgeni chakula cha pili kabla hajanawa mikono. Ile fupi haibembelezi hata kidogo. Yaanza chini, kwa sauti chache na vituo vya kimya, nasi twangoja tusijue twangoja nini. Kisha sauti moja ya juu yashikwa, na papo hapo sehemu ya mwisho yaingia, kimya kimya, kama kumekucha. Utulivu wote wa sonata umo katika mwingilio huo, wala haumo katika utamu.

Tena angalia, rafiki hakusema "mbaya" wala "nzuri". Alitaja jambo moja liwezalo kupimwa. Vijana wanaotuletea nyimbo zao za kinanda wangepata faida zaidi kama wangeuliza, "Ulichoka wapi?" kuliko kuuliza, "Umependa?"

Wako wasemao kwamba kuiondoa sehemu ile kulikuwa hasara. Siafikiani nao, kwa kuwa haikutupwa: mwaka 1805 ilichapwa peke yake, ikapendwa na wengi, na hata leo yajulikana kwa jina la Andante favori. Ipigwapo peke yake, urefu wake haumchoshi mtu.