Fundi kama Msimulizi katika Riwaya za Mbio za Magari za Burt Levy
Utamu wa riwaya za Burt Levy kuhusu mbio za magari nchini Marekani katika miaka ya 1950 hutokana na msimulizi zaidi kuliko mwendo kasi. Katika The Last Open Road (1994), ya kwanza katika mfululizo huo, anayesimulia ni Buddy Palumbo, fundi kijana wa kituo cha mafuta huko New Jersey. Wenye fedha huendesha. Yeye hulala chini ya gari, mikono imejaa grisi. Hivyo msomaji huijua Jaguar kwa boliti zake kabla ya kuijua kwa ushindi, na tofauti ya matabaka hudhihirika bila kuhubiriwa. Maelezo ya injini, ni kweli, wakati mwingine huzidi mahitaji ya kisa.

Hata hivyo, raha hiyo haina budi kupimwa kwa historia. Mwaka 1952 huko Watkins Glen, jimbo la New York, mbio zilipita katikati ya mji, watazamaji wakiwa wamesimama kando ya barabara. Mtoto mmoja aliuawa, na mashindano yakaondolewa mitaani. Jina la riwaya, lenye maana ya barabara ya mwisho iliyo wazi, linaiomboleza barabara. Mhakiki hawezi kuepuka kuuliza iwapo linamwomboleza pia mtoto yule.