Furaha Iliyoachwa Nje ya Daftari

Kura zilipohesabiwa Juni 4, 2024, wapenzi wa MDMA, dawa ya kubadili fahamu, walianza kutafuta mchawi. Kamati ya ushauri ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuwa imeulizwa maswali mawili. Je, tiba ya MDMA kwa PTSD, maradhi ya kiwewe, inafanya kazi? Wawili walisema ndiyo, 9 hapana. Je, faida zake zinazidi hatari zake? Mmoja ndiyo, 10 hapana. Wakalaumiwa wajumbe kwamba hawazijui dawa za kubadili fahamu. Wakalaumiwa waliopewa nafasi ya kulalamika mbele ya kamati. Ikalaumiwa miaka yote ya vita dhidi ya dawa za kulevya. Mliofuatilia kikao kile mnajua kwamba mchawi alikuwa ndani ya nyumba, tena alikuwa ameketi humo miaka kadhaa kabla ya kura.

Mchawi ni fomu. MAPS, shirika lililoendesha majaribio ya MDMA, na baadaye kampuni yake iliyokuja kuitwa Lykos, walikuwa wameamua kwamba mshiriki akijisikia vizuri, hilo halistahili kuandikwa kwenye orodha ya matukio ya usalama. Ni uamuzi mmoja wa makaratasi, na ndio uliowaangusha. Wengine watasema ni plasebo, yaani kidonge kitupu cha kulinganishia, na hiyo nitaifikia. Lakini ugumu wa plasebo kila mtafiti wa dawa hizi anao. Hili la fomu walijitakia.

Turudie tukio lenyewe polepole. Mshiriki anameza miligramu 80 katika kikao cha kwanza, au 120 katika vinavyofuata. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili anapewa nusu ya dozi kama nyongeza. Atakaa chumbani kama saa 8 na matabibu wawili, huku muziki ukipigwa na macho yakifunikwa. Taya likikaza, inaandikwa. Kichefuchefu, inaandikwa. Jasho na kukosa hamu ya kula, inaandikwa. Ndani ya saa hiyohiyo mtu huyohuyo anajawa na raha ambayo hajaionja tangu aumizwe. Ulinzi wake wote umeshuka, anawapenda na kuwaamini watu wawili ambao amekutana nao mara chache tu. Hapo kalamu inawekwa chini, kwa kuwa hilo limehesabiwa kuwa zuri, au angalau si baya.

Na waliambiwa mapema. FDA ilikuwa imeshawataka waandike kila dalili inayohusiana na hatari ya matumizi mabaya ya dawa, iwe ya kupendeza, ya kuudhi au isiyo na rangi yoyote. Kwa hiyo huu haukuwa usahaulifu wa karani. Wachunguzi wa FDA walipofungua data ya majaribio mawili ya awamu ya tatu, walikuta pengo pale walipotarajia picha ya jinsi dawa inavyoingia mwilini, inavyopanda na inavyotoka.

Utetezi wao naujua, na si wa kipuuzi. Raha hiyo, wanasema, ndiyo tiba yenyewe. MDMA inapunguza hofu, mgonjwa anaweza kulitazama jeraha bila kukimbia, na hapo ndipo kazi ya matabibu inapoanza. Iweje basi kazi ya dawa iandikwe pamoja na kutapika? Hoja hiyo ingetosha kama tungekuwa tunazungumzia dawa ya presha. Hapa tunazungumzia kemikali ambayo Marekani iliipiga marufuku kwa dharura mwaka 1985 kwa sababu watu waliipenda kupita kiasi. Anayeomba iruhusiwe hospitalini anaombwa kwanza aeleze ni wangapi waliipenda, kwa kiasi gani, kwa muda gani. Ukileta jalada lisilo na safu hiyo, umeleta ombi ambalo jibu lake umelificha mwenyewe.

Kisha kuna swali la kawaida kabisa la wodini: mgonjwa aruhusiwe saa ngapi kwenda nyumbani? Huwezi kulijibu kwa kupima mapigo ya moyo peke yake. Lazima ujue ni lini akili imerudi mahali pake, ni lini mtu anaweza kusaini karatasi au kushika usukani. Raha inapopungua ndiyo saa ya ukutani ya dawa hii, na saa hiyo waliigeuzia ukutani.

Lakini kosa linalonikera zaidi si la kisheria. Ni la kitabibu, na limefanywa na watu wanaojinadi kuwa wanatibu kwa kuzingatia kiwewe. Wote tumehudhuria semina za tiba hiyo. Tunafundishwa kwamba mtu aliyeumizwa amepokonywa mamlaka juu ya mwili wake, kwamba usiamue kwa niaba yake kipi kinamfaa, kwamba umuulize kabla ya kumgusa. Tunapewa vyeti, tunapiga picha ya pamoja. Halafu inapofika kazi yenyewe, tabibu anaketi kando ya mgonjwa aliyelegezwa na dawa na kuamua peke yake ni hisia ipi kati ya hisia zake ni tukio na ipi ni neema.

Kwa mgonjwa wa kiwewe, imani inayokuja ghafla ni dalili ya kuangaliwa kwa jicho kali kuliko kichefuchefu. Wapo waliowahi kuzoezwa kutabasamu mbele ya aliyewaumiza. Wapo ambao mpaka kati yao na mtu mwingine ulibomolewa wakiwa watoto, na dawa inayoyeyusha mipaka inawarudisha palepale wakiwa na uso wa furaha. Saa ambayo mgonjwa anajisikia salama kuliko wakati wowote ndiyo saa ambayo yuko wazi kuliko wakati wowote. Kama kuna safu moja ya kukolezwa wino kwenye fomu, ni hiyo.

Na hatuzungumzi nadharia. Katika jaribio la awamu ya pili lililofanyika Vancouver, Kanada, kamera ilinasa matabibu wawili wakimlalia na kumkandamiza mshiriki aliyekuwa chini ya dawa. Mwezi Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology lilifuta makala tatu zilizojengwa juu ya majaribio ya awamu hiyo, kwa sababu waandishi walijua kuhusu mwenendo huo na hawakuusema walipowasilisha makala zao. Sisemi fomu ingezuia mkono wa mtu. Nasema tabia ya kuandika tu kinachopendeza hadithi haianzii kwenye fomu wala haiishii hapo.

Sasa plasebo. Katika awamu ya pili walishajaribu kulinganisha dozi kamili na dozi ndogo ya MDMA, miligramu 25 hadi 40. Waliona inawasumbua washiriki bila kuwasaidia, wakaingia awamu ya tatu na kidonge kisicho na kitu. Matokeo? Katika jaribio la mwisho, lenye watu 104, zaidi ya asilimia 94 ya waliopewa MDMA walijua wamepewa. Hata wa plasebo, robo tatu walibahatisha sawasawa. Ongeza kwamba karibu washiriki 4 kati ya 10 katika majaribio hayo mawili walikuwa wameshaionja MDMA maishani mwao. Hapo siri ya nani kapewa nini haikuwepo tena, na kila alama ya CAPS, kipimo cha ukali wa PTSD, iliyoshuka ina swali pembeni.

Wazee wa utafiti huu hawakuwa hivi. Aprili 20, 1962, Walter Pahnke aliwapeleka wanafunzi 20 wa theolojia kwenye kanisa la Marsh huko Boston. Nusu aliwapa psilosaibini, dawa nyingine ya kubadili fahamu, nusu asidi ya nikotiniki inayoiwasha ngozi na kuleta joto usoni, ili kila mmoja ahisi kitu. Siri ilivuja hata hivyo, lakini angalau mtu alitoa jasho. Roland Griffiths wa Johns Hopkins, mwaka 2006, alipojaribu psilosaibini alitumia methilifenideti kama kilinganishi, akachagua watu ambao hawakuwahi kuonja dawa za kubadili fahamu, ili wasiwe na cha kulinganishia kichwani. Hiyo ndiyo adabu ya utafiti.

Na nani alimkosoa Pahnke kwa haki kuliko wote? Rick Doblin, mwanzilishi wa MAPS. Mwaka 1991 alichapisha ufuatiliaji wa wanafunzi wale wa kanisani, baada ya kuwasaka karibu wote. Aligundua kwamba mmoja wao alichachamaa hadi akachomwa sindano ya kumtuliza, na kwamba Pahnke hakuliandika jambo hilo kwenye ripoti yake. Doblin alilisema bila kumung'unya maneno: tukio lilitokea, lilipaswa kuandikwa. Yule Doblin wa 1991 angeishika fomu ya majaribio ya shirika lake mwenyewe na kuirudisha ikiwa na wino mwekundu. Wapi alipotelea, sijui.

Tuliokaa ukanda huu wa Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kukunja uso. Kila nikisoma tangazo la asilimia 71 ya waliopona PTSD kwa MDMA katika jaribio la mwisho, naikumbuka asilimia 47.6 ya waliopata tiba ya mazungumzo na kidonge kitupu, ambayo matangazo huisahau. Karibu nusu, bila dawa! Na wala si jipya. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe kutoka Rwanda na Somalia walifunzwa unasihi. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha karibu 7 kati ya 10 waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua hawakutimiza tena vigezo vya PTSD. Huko Kivu, utafiti wa mwaka 2013 uliwafuata wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Waliotibiwa kwa vikundi na wasaidizi wa kijamii ambao hawakuwa madaktari walipata nafuu zaidi kuliko waliopata msaada wa mmoja mmoja. Vipimo na sampuli ni tofauti, naam, huwezi kuzipanga namba hizo kwenye jedwali moja. Lakini hakuna aliyelala chini ya kinyago kwa saa 8, na bado Kivu haialikwi kwenye makongamano ya dawa za kubadili fahamu.

Nisiwe mchoyo: wapimaji wa alama katika majaribio ya MDMA walikuwa huru na hawakuambiwa kikao wala kundi, vikao vilirekodiwa kwa video, na matabibu wengi walifanya kazi ngumu kwa uvumilivu.

Agosti 9, 2024, FDA ilikataa ombi la Lykos na kutaka jaribio jingine la awamu ya tatu. Lykos ikapunguza takribani robo tatu ya wafanyakazi wake. Australia, iliyowaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuitumia MDMA tangu Julai 2023, inaendelea bila kusubiri. Watu wanaoteseka na kiwewe, ambao wengi wao wameshajaribu dawa zilizopo na kuchoka, wamecheleweshwa. Hiyo ndiyo gharama ya safu tupu, na wanaolipa si waliochora fomu.

Jaribio linalofuata lianze hapo. Kila dakika 30, mtu asiye tabibu wa mgonjwa amuulize mgonjwa anahisi nini, aandike neno lake lilivyotoka, tamu au chungu, na aandike saa. Tabibu anayependa tafsiri aitoe baadaye, kwenye ukurasa wake, kwa jina lake. Dawa ikiwa na nguvu kama wanavyosema, raha iliyoandikwa haitaidhuru. Na ikiwa itaidhuru, tulistahili kujua tangu mwanzo.