Jimny ya Shizuoka na Gari la Dumu la Igogo: Viungo Vinavyoshika Bila Gundi

Seti ya modeli ya Suzuki Jimny inayotolewa na kampuni ya Aoshima ya Shizuoka, Japani, haihitaji gundi wala rangi. Plastiki yake hutoka kiwandani ikiwa na rangi ya gari tayari, urembo unamaliziwa kwa stika, na vipande vinabanwa kwa vidole mpaka vilie tak. Skeli yake ni 1/32. Jimny halisi ya toleo la JB64, iliyoingia sokoni Julai 2018, ina urefu wa milimita 3,395, upana 1,475 na kimo 1,725. Gawanya kwa 32, unapata kigari cha urefu wa milimita 106, upana 46 na kimo 54, kinachokaa kwenye kiganja.

Nakichambua kigari hiki, ila si peke yake. Hapa Mwanza, kwenye vichochoro vya mawe vya Igogo na Mabatini, kuna modeli nyingine ya gari la njia mbovu ambayo nayo haina tone la gundi: gari la dumu. Dumu dogo la mafuta ya kula, spoku za baiskeli, kandambili iliyokwisha, visoda na kamba ya kuvutia. Watu wazima wengi hulipita bila kuligeukia. Mimi naliona kuwa kazi ya ufundi iliyofikia majibu yaleyale ya Shizuoka, na mahali pawili imefikia majibu bora zaidi.

Kazi yote ya seti ya kubana iko kwenye kijiti na tundu. Kipande kimoja kina kijiti kilichochomoza, mwenzake ana tundu, na kijiti kimefanywa kinene kuliko tundu kwa sehemu chache za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele. Ukikisukuma, plastiki ya pande zote mbili inasogea kidogo, kisha inataka kurudi ilivyokuwa. Huko kutaka kurudi ndiko kunakoshika. Kijiti kikizidi, tundu linapasuka. Kikipungua, mlango unacheza na paa halikai.

Ugumu wa kuupata ubanaji huo hauonekani ukiwa umeshika kipande mkononi. Polistairini, plastiki ya seti hii, huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, husukumwa kwa nguvu kwenye kalibu ya chuma, hupozwa, ndipo kipande hutolewa. Kikipoa kinasinyaa kwa karibu nusu ya asilimia. Kwa bodi ya milimita 106 huo ni upungufu wa nusu milimita hivi, mara nyingi zaidi ya ubanaji unaotafutwa. Kwa hiyo mchonga kalibu huchonga chuma kikubwa kuliko gari analolitaka, na hana budi kujua kila pembe itasinyaa vipi, maana sehemu nene hupoa polepole kuliko nyembamba. Halafu kuna mteremko. Kuta za kipande huinamishwa kwa kiasi cha nyuzi moja ili kitoke kwenye kalibu bila kukwaruzwa, na kijiti nacho huwa chembamba nchani na kinene shinani. Ndiyo maana huingia kwa ulaini na kugoma mwishoni. Kipande ambacho hakijasukumwa mpaka shinani hakijashika hata kama kwa macho kimekaa sawa.

Anayeunganisha, basi, ana jukumu moja kubwa: asiiharibu hesabu hiyo. Vipande huja vikining'inia kwenye fremu kwa vikonyo vidogo, na hapo ndipo wengi huharibu. Ukikinyonga kipande kwa vidole ili kikatike, kikonyo huondoka na nyama ya kipande, au huacha alama nyeupe, ambayo ni plastiki iliyovutwa kupita uwezo wake. Kwenye seti ya kupaka rangi alama hiyo hufichika. Kwenye seti isiyopakwa rangi hubaki hapo maisha yote. Dawa yake ni kukata mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali na kipande, kwa koleo ndogo ya fundi umeme au hata kikata kucha, ili mkazo uishie kwenye kikonyo. Mara ya pili kata karibu, kisha maliza kwa wembe ulioshikwa bapa na msasa laini. Kisiki kikibaki mahali bodi inapokutana na chesisi, kitainua upande mzima wa gari, na kwenye skeli ya 1/32 kisiki cha robo milimita ni sawa na milimita 8 kwenye gari halisi. Macho yanaiona.

Kisha vumbi. Mwanza ya kiangazi, upepo ukitoka ziwani na kupita kwenye barabara za udongo, haikosi chembe za mchanga mezani. Chembe moja ndani ya tundu inatosha kuzuia kijiti kufika shinani, na mtu akiongeza nguvu akidhani plastiki ndiyo ngumu, tundu linapasuka. Futa kila tundu kwa brashi laini kabla ya kubana. Unyevu wa ziwa haudhuru, kwa sababu polistairini hainywi maji kwa kiasi cha kujali. Kinachoumia kwa unyevu na vidole vya jasho ni stika.

Sasa lipindue dumu la mafuta utazame kitakoni. Mara nyingi utakuta pembetatu ya mishale yenye namba 2, alama ya polietilini nzito. Plastiki hii ina tabia moja inayoamua kila kitu kwenye gari la Igogo: gundi haiishiki. Gundi ya modeli huunganisha polistairini kwa kuyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, lakini kwa polietilini haina la kufanya, inakaukia juu na kubanduka kama ganda. Rangi nayo hubanduka hivyohivyo. Kwa hiyo Aoshima waliamua kuacha gundi ili kumrahisishia mnunuzi, ilhali mtoto wa Igogo hana uamuzi wa kufanya. Mali ghafi yake imemkatalia gundi tangu mwanzo, naye amelazimika kuwa mtaalamu wa viungo vya kubana.

Tazama anavyotoboa tundu la ekseli. Hatumii kisu, maana kisu huacha mpasuko ambao utaendelea kutembea. Anapasha msumari kwenye mkaa, anaushika kwa kitambaa, anausukuma ubavuni mwa dumu mpaka utokee, anauzungusha kidogo, anauchomoa. Polietilini nzito huyeyuka karibu na nyuzi 130, joto ambalo jiko la mkaa hulipita bila taabu. Plastiki iliyosukumwa na msumari haipotei. Inajikusanya kuzunguka tundu na kupoa ikiwa ukingo mnene wa mviringo. Ukingo huo ni bushi. Unaongeza unene mahali ekseli inapokaa, unazuia mpasuko kuanza, na kwa kuwa polietilini ni plastiki yenye utelezi wa asili, spoku inazunguka ndani yake bila grisi. Kwa pigo moja la msumari mtoto amepata tundu, kiimarishi na kilainishi.

Japani nako wamefika hukohuko. Modeli ya polistairini yenye magurudumu yanayozunguka ina tatizo: polistairini ikisuguana na polistairini hulika, na gurudumu linaanza kuyumba. Kampuni kadhaa za Kijapani, Tamiya ikiwa mojawapo, hutatua kwa kuweka ndani ya gurudumu kikofia kidogo cha plastiki laini zaidi, kinachoibana ekseli bila kulika upesi. Plastiki hiyo ni polietilini. Mahali palepale, kazi ileile, familia moja ya plastiki na dumu la mafuta.

Gurudumu la kandambili hushika kwa njia nyingine. Mtoto anachora duara kwa kufuata kizibo cha chupa, anakata kwa wembe, anatoboa kitundu chembamba kuliko spoku. Spoku ya baiskeli ina kipenyo cha milimita 2, na mpira unaolazimishwa kuipisha unaikaba pande zote. Kwa hiyo gurudumu na ekseli huzunguka pamoja, na mzunguko wote unafanyika kwenye bushi ya dumu. Kisoda kilichotobolewa huwekwa kati ya gurudumu na ubavu wa dumu ili visisuguane. Spoku yenyewe imekuja na vizuizi vyake: upande mmoja una kichwa kilichopinda, upande wa pili una nyuzi na kinati chake. Mtoto mjanja haupindi ule wenye nyuzi. Anaufunga kwa kinati, na siku gurudumu likilika anafungua na kuweka jingine. Kwenye seti ya Jimny gurudumu likilika huna la kubadilisha.

Kuna sababu ya kimaumbo inayofanya gari la njia mbovu likubali kujengwa hivi kuliko gari dogo la mjini. Jimny hadi leo ina chesisi ya ngazi iliyotengana na bodi, na ekseli nzima mbele na nyuma. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984 na inayoonekana kila siku kwenye barabara ya kwenda Serengeti, nayo ina ekseli nzima mbele. Land Rover za zamani vilevile. Modeli ya saluni inayopitisha chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu inadanganya, maana gari lenyewe haliko hivyo. Modeli ya Jimny ikifanya hivyo inasema karibu ukweli. Na bodi inayobanwa juu ya chesisi kwa ndoano hufuata mpangilio uleule ambao fundi wa gereji ya Nyakato anaukuta akifungua boliti za bodi.

Umbo la nje nalo linasaidia. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya bamba za aluminiamu zilizonyooka, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita na bamba bapa hukunjwa kirahisi. Kinachokunjwa kirahisi kiwandani hukunjwa kirahisi uwanjani. Ndiyo maana magari ya makopo ya watoto wetu kwa miaka mingi yamefanana na Land Rover kuliko gari jingine lolote, na ndiyo maana dumu la pembe nne huonekana gari la porini kabla hata halijakatwa dirisha. Vijijini Magu na Kwimba, penye mabua ya mtama, watoto huenda mbali zaidi: ganda gumu la bua linachanwa kuwa njiti, moyo wake mwororo unakuwa bodi, na njiti inachomekwa kwenye moyo. Bua moja limetoa kijiti na tundu.

Jambo ambalo seti ya Jimny inalishinda dumu bila ubishi ni vipimo na mpangilio. Kila kipande kina namba, na karatasi inaonyesha kipi kitangulie. Kioo huingia kabla ya bodi kufungwa, ekseli kabla ya magurudumu. Ziwa letu linaijua kazi ya namna hiyo kwa ukubwa wake wote. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilijengwa na Yarrow huko Scotstoun, Glasgow, kwa kufungwa kwa boliti tu. Baadaye ilifunguliwa vipande, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya Kisumu. Kipande kisichooana na mwenzake kiligunduliwa Scotland, kabla hakijavuka bahari. Seti nzuri ya kubana inafuata nidhamu hiyo: makosa yote yamalizwe kiwandani, mezani kwako ibaki kubana tu.

Lakini seti nayo ina uongo wake. Ukuta wa plastiki wa milimita 1 kwenye skeli ya 1/32 ni sawa na bamba la sentimita 3.2 kwenye gari halisi. Hakuna Jimny yenye mlango mnene hivyo. Watengenezaji huficha kwa kupunguza unene kwenye kingo za madirisha na matao ya magurudumu, na ukitaka kujua seti bora na seti dhaifu, tazama hapo kwanza. Pia kijiti kilichobanwa hulegea kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na kila ukifungua na kufunga unakipunguzia nguvu. Jaribu kwa kuingiza nusu tu, na ukisukuma mpaka shinani usirudi nyuma.

Hukumu yangu ni hii. Kwa usahihi wa umbo, Jimny ya Shizuoka haina mpinzani. Kwa kudumu na kwa kutengenezeka, gari la dumu linaishinda. Liache lidondoke kutoka kwenye jiwe la Mabatini: polietilini itabonyea na kurudi, polistairini itavunjika vipande. Modeli ya gari la njia mbovu inayoweza kupita njia mbovu ina haki ya kuhesabiwa modeli kamili.

Tangu mwaka 2024 shule kadhaa za sekondari zimeanza mkondo wa amali, na Mwanza ina chuo cha VETA. Walimu wa ufundi, naomba mlete darasani gari la dumu, na kama mtapata seti ya kubana, ileteni pia. Wapeni wanafunzi kipimo cha venia wapime spoku, wapime tundu la msumari, wapime kijiti na tundu la Jimny, waandike tofauti. Somo la ubanaji, bushi, msuguano na mali ghafi lote limo humo, na nusu ya vifaa vyake vinalala bure kwenye jalala la mtaa.