Nyumba, Mlango na Ukoo katika Historia ya Ardhi ya Gusii

Mwandishi anayekusudia kuisimulia kwa Kiswahili historia ya kijiji cha Gusii na ya jamaa yake yenye ardhi hukwama katika neno la kwanza. Katika milima ya Kisii na Nyamira hapakuwa na kijiji kwa maana ya pwani, yaani nyumba zilizokaribiana kandokando ya msikiti na kisima. Palikuwa na omochie, boma la mume, wakeze na watoto wao, likisimama peke yake juu ya ardhi yake. Kosa la jina huzaa kosa la pili, nalo ni kuidhania ardhi hiyo kuwa mali ya ukoo mmoja, inayopita moja kwa moja kutoka baba hadi mwana.

Maandishi yanayotegemewa hayakuliondoa kosa hili. Philip Mayer, katika risala yake ya 1949, aliuweka ukoo mbele tangu kichwa cha maandishi. William Ochieng', katika historia ya Wagusii kabla ya ukoloni (1974), alifuata nyayo za koo na wahenga wao. Robert na Barbara LeVine, katika Nyansongo (1966), waliingia ndani ya nyumba, lakini shabaha yao ilikuwa malezi. Kwa hiyo mama anakumbukwa zaidi kama mlezi kuliko kama chimbuko la urithi.

Hali enyomba ya Ekegusii ni ndugu wa nyumba ya Kiswahili. Kila mke alikuwa na mashamba yake, na mashamba hayo yalikuwa haki ya wanawe, si ya wana wa mke mwenzake. Egesaku nalo, linalofasiriwa “ukoo”, lina pia maana ya mlango. Kiswahili cha pwani kinao mlango wa nasaba, tena kinalo tumbo. Mfasiri anayeyaacha maneno haya anaidhulumu lugha yake mwenyewe.

Nyaribari ni mfano mzuri. Chifu Musa Nyandusi, aliyefariki mwaka 1970, alikuwa na wake wengi, na alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kulima kahawa Kisii katika miaka ya 1930. Habari za jamaa hiyo aghalabu husimuliwa kwa mstari mmoja, kutoka kwake hadi kwa mwanawe Simeon Nyachae, aliyechapisha tawasifu mwaka 2010. Mstari huo ni wa kweli, ila ni mlango mmoja wa boma lenye milango mingi.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Sheria ya 1963 ya ardhi iliyoandikishwa ilimpa mamlaka yule ambaye jina lake limo daftarini, na kwa kawaida jina hilo lilikuwa la mwanamume. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini majina yalikwisha andikwa. Mjane anayedai shamba alilolima mara nyingi hana ushahidi ila masimulizi: nani alilima wapi, na mpaka ulipita kwenye mti gani. Historia inayosema “ukoo” tu humnyang'anya hata ushahidi huo. Basi mwandishi hana budi aanze kwa kuzihesabu nyumba, na kuwataja akina mama waliozisimamisha, ndipo aliendee daftari.