Mlangoni pa Mbingu: Dante na Bunyan juu ya Watakaookoka

Katika fasihi ya Wakristo wamo watu wawili waliofungiwa mlango wa mbingu, ambao msomaji akisha kukutana nao hawasahau upesi. Wa kwanza ni Virgil, mshairi wa Roma aliyekufa mwaka wa 19 kabla ya Kristo, ambaye Dante Alighieri amemfanya kiongozi wake katika safari ya ahera. Wa pili ni kijana ambaye John Bunyan amempa jina la Ujinga, katika kitabu chake cha safari ya Mkristo kilichotolewa Uingereza mwaka wa 1678, na ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata katika karne ya 19 kwa jina la Msafiri. Virgil hakuwa na kosa kubwa ila kuzaliwa mapema. Ujinga alikuwa na kosa moja, nalo ni kujiamini. Wote wawili walifika karibu sana, na wote wawili walirudishwa.

Kuandika habari za mlango huo si jambo jepesi, kwa kuwa Wakristo hawajapata kuwa na neno moja juu ya watakaoingia. Katika karne ya 3 Origen wa Alexandria alitumaini kwamba mwisho wa mambo viumbe vyote vitarejea kwa Mungu. Mafundisho yaliyohusishwa na jina lake yalilaaniwa mwaka wa 553. Katika karne hiyo hiyo ya 3 Cyprian, askofu wa Carthage, alifundisha kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Mwaka wa 1302 Papa Boniface VIII alikaza kamba zaidi: alitangaza kwamba kumtii Papa wa Roma ni sharti la wokovu kwa kila mwanadamu. Katika mwaka uo huo Dante alifukuzwa kwao Florence. Na katika shairi lake, ambalo safari yake imewekwa mwaka wa 1300 Papa huyo angali hai, shimo lake Motoni limekwisha kumngoja. Mwenye kuwagawia wengine nafasi za ahera, yamkini naye akagawiwa yake.

Baadaye Waprotestanti nao walihitilafiana. Wafuasi wa Calvin walishika kwamba Mungu amewachagua walio wake kabla ya kuumbwa ulimwengu, wala hapana awezaye kuongeza au kupunguza hesabu hiyo. Wafuasi wa Arminius walisema kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba neema yaweza kukataliwa. Mkutano wa Dordrecht katika Uholanzi, wa mwaka 1618 na 1619, uliwakataa. Ugomvi haukuisha hapo. Zaidi ya miaka mia baadaye John Wesley na George Whitefield, wahubiri waliokuwa marafiki, walifarakana kwa jambo lilo hilo.

Mhakiki si kadhi wa mafundisho hayo. Kazi yake ni kutazama fundisho linavyogeuka likiingia katika mikono ya mtunzi mwaminifu. Fundisho husema juu ya watu wote kwa jumla. Hadithi hulazimika kumtaja mtu mmoja, na kumpa sura, na sauti, na njia aliyoipita. Hapo ndipo sheria iliyonyoka katika katekisimu huanza kuelemea upande. Dante na Bunyan walikuwa watu wa madhehebu mbalimbali, wa lugha mbalimbali, na kati ya vitabu vyao ilipita zaidi ya miaka 350. Walakini kila mmoja wao aliandika sheria yake kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaacha komeo halikukazwa.

Dante aliishika sheria ya Kanisa la zama zake. Katika wimbo wa nne wa sehemu ya Motoni anafika mahali paitwapo Limbo, walipowekwa watoto waliokufa bila ya ubatizo, na watu wema waliomtangulia Kristo au wasiopata imani yake. Huko hapana mateso ila huzuni. Hapana kilio ila kuugua. Wanatamani wala hawana tumaini. Lakini mtunzi hawaachi gizani. Amewajengea ngome yenye kuta saba, na ndani yake uwanda wa majani mabichi, na humo anawaona Homer, Socrates, Plato na Aristotle, watu wanaosema kwa sauti ya upole na kwa nadra. Wamo pia Waislamu watatu: Salahuddin aliyewatoa Wakristo Yerusalemu mwaka wa 1187, Ibn Sina na Ibn Rushd. Msomaji wa pwani ataona ajabu kuwakuta hapo, kwa kuwa shairi hilo hilo, katika wimbo mwingine, lina maneno juu ya Mtume wa Waislamu ambayo ni ya kuudhi na hayana haja ya kurudiwa. Dante hakuwa mtu wa zama hizi, wala si haki kumfanya awe. Ila itazamwe ngome ile: fundisho halikumwagiza kujenga ngome wala kupanda majani. Heshima aliyokuwa nayo kwa watu hao ilitafuta pa kukaa, na kwa kuwa haikuruhusiwa kukaa juu, ilipambwa chini.

Swali lenyewe Dante analichelewesha mpaka sehemu ya Peponi, katika wimbo wa 19. Anasimama mbele ya tai aliyefanyika kwa roho za wafalme wenye haki, na tai anaisoma fikira iliyomsumbua siku nyingi. Mtu amezaliwa ukingoni mwa mto Indus, ambako hapana wa kumsimulia Kristo, wala wa kumsomea, wala wa kumwandikia. Matendo yake yote ni mema kwa kadiri akili ya binadamu iwezavyo kuona. Anakufa bila ya ubatizo na bila ya imani. Iko wapi haki ya kumhukumu? Kosa lake ni lipi?

Jibu la tai halitoshelezi, na uzuri wa wimbo huo ni kwamba mtunzi hakuficha kuwa halitoshelezi. Kwanza tai anamkemea mwulizaji: wewe nani hata ukae kitini uhukumu mambo yaliyo mbali, na macho yako hayaoni zaidi ya shubiri? Kisha anarudia sheria: hapana aliyepanda huku asiyemwamini Kristo, kabla ya kusulubiwa au baada yake. Mpaka hapo ni katekisimu tupu. Lakini tai anaendelea, na kusema kwamba wako wengi walitajao jina la Kristo kila saa ambao siku ya hukumu watakuwa mbali naye kuliko yule asiyemjua. Na katika wimbo unaofuata anaonyesha roho sita zinazong'aa katika jicho lake na ukingoni mwa jicho, na mbili katika hizo ni za watu walioabudu miungu ya kale. Mmoja ni Kaisari Trajan, ambaye, kwa kisa kilichosimuliwa sana siku zile, aliombewa na Papa Gregory, akarudishiwa mwili kwa kitambo apate kuamini. Wa pili ni Ripheus.

Ripheus ni nani? Si mfalme wala shujaa wa kuimbwa. Ni mtu wa Troya aliyetajwa katika shairi la Virgil kwa mistari michache tu, kwamba alikuwa mwenye haki kupita wenzake wote, kisha akauawa usiku wa kutekwa mji. Hapana habari nyingine. Dante amemwokota mtu huyo katika kitabu cha Virgil na kumweka Peponi, akisema kwamba Mungu kwa neema yake alimfumbua macho auone ukombozi uliokuwa haujaja. Basi mtu aliyetajwa na Virgil kwa pumzi moja ameokoka, na Virgil mwenyewe aliyemtaja amerudi Limbo. Wafasiri wengine huona hapo mtunzi amejipinga mwenyewe. La kweli zaidi ni kwamba amefanya hivyo kwa makusudi ili jeraha lisifungike. Katika wimbo wa 30 wa sehemu ya Toharani, Dante anageuka kumwambia Virgil neno, kama mtoto anavyomkimbilia mama yake, na Virgil hayupo. Analia, naye amesimama mlangoni pa furaha aliyoitafuta safari nzima. Hapana mahali pengine katika shairi hilo ambapo sheria imelipiwa gharama kubwa hivi.

Mto Indus ulikuwa mbali na Florence, na Dante hakupata kuuona. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki mto huo uko karibu. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na bara ya mbali ilingoja miaka mingi zaidi. Waliobatizwa kwanza katika nchi hizi walikuwa na baba na babu waliokwisha kuzikwa, ambao hapana aliyewasimulia wala aliyewasomea. Kwao swali la Dante halikuwa la mtu asiye na jina. Lilikuwa na jina, na kaburi lake lilijulikana. Kanisa Katoliki lilisema kwa upana zaidi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka wa 1964, kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, nao wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuupata wokovu. Na mwaka wa 2007 tume ya wanateolojia wa Kanisa hilo iliandika kwamba yako matumaini hata kwa watoto waliokufa bila ya ubatizo. Ngome ya Limbo imebaki na wapangaji wachache.

Bunyan naye aliliuliza swali hilo, ingawa wengi wamjuao kwa kitabu cha safari hawana habari. Alizaliwa mwaka wa 1628 huko Elstow, karibu na Bedford, akawa fundi wa kuziba vyungu vya madini kama baba yake, na kwa sababu ya kuhubiri bila ya idhini alikaa kifungoni kwa muda wa miaka 12, tangu 1660 hata 1672. Mwaka wa 1666, akiwa kifungoni, alitoa habari za maisha ya roho yake, kitabu kiitwacho Grace Abounding. Humo anaungama kwamba siku moja aliingiwa na fikira hii: je, Waturuki nao hawana maandiko ya kuwathibitishia Mtume wao, kama Waingereza walivyo na yao? Na je, yawezekana maelfu kwa maelfu ya watu katika nchi nyingi wawe hawaijui njia, na njia ijulikane tu na watu wa pembe moja ya dunia? Bunyan aliyahesabu hayo kuwa majaribu ya Shetani, akayafukuza. Lakini aliyaandika. Mtu anayetaka kulisahau swali haliandiki kwa maneno safi kiasi hicho.

Katika kitabu cha 1678 hapana dalili ya shaka hiyo, na hapo ndipo Ujinga anapoangamia. Kijana huyo ameingia njiani kwa kichochoro, hakupitia mlango mwembamba. Huomba, hufunga, hulipa zaka, humlipa kila mtu haki yake. Anaona ya kutosha. Mtoni anavushwa na mwenye mashua aitwaye Tumaini la Bure, bila ya taabu waliyoipata Mkristo na mwenzake. Anafika, anabisha. Anaulizwa cheti, anapapasa kifuani, hana. Anafungwa mikono na miguu, anatupwa katika mlango uliopo ubavuni mwa kilima, na mwandishi anaamka katika ndoto yake. Kitabu kimekwisha.

Wasifu wa Bunyan husema kwamba hilo ni onyo kwa wenye kujiona wema. Ni kweli, lakini onyo halielezi ukali ule. Dante alimlilia Virgil. Bunyan hakumpa Ujinga hata chozi moja. Sababu yapatikana katika kitabu cha 1666. Humo Bunyan anasimulia jinsi alivyokuwa zamani akihudhuria kanisani, akiacha mazoea yake mabaya moja moja, na kujidhania kuwa hapana mtu katika Uingereza aliyempendeza Mungu kumshinda yeye. Huyo ndiye Ujinga. Bunyan hakumtupa jirani yake katika mlango ule wa kilima. Alijitupa mwenyewe wa siku za nyuma, na mtu akijihukumu mwenyewe mara nyingi hana huruma. Hiyo ni nguvu ya ukurasa ule, na pia ni kasoro yake, kwa maana msomaji asiyejua siri hiyo huona tu kijana mwenye heshima akiburutwa.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 1684, nayo ni habari ya mke wa Mkristo na watoto wake. Kwa ufundi wa hadithi imelegea: vita ni vichache, mazungumzo ni mengi, na mlinzi wao yu hodari mno hata hatari hazitishi. Lakini kwa jambo hili imepita ya kwanza. Pamoja na mama huyo yupo msichana aitwaye Rehema, ambaye hakualikwa. Mwenzake amepata barua kutoka kwa Mfalme; yeye hana kitu, amefuata kwa mapenzi tu. Katika mlango mwembamba wengine wanaingizwa, naye anabaki nje peke yake, akihesabu dakika, mpaka anabisha kwa kishindo hata aliyeko ndani akashtuka. Mlango unapofunguliwa amekwisha kuzimia. Anashikwa mkono, anainuliwa. Ni vigumu kusadiki kwamba mwandishi aliyaandika hayo bila ya kumkumbuka yule mwingine aliyepapasa kifua asione cheti.

Isisemwe kwamba komeo limeondolewa. Rehema anatoka mji uliokwisha kupata habari. Mturuki wa 1666 harudi tena. Hata Trajan ilibidi afufuliwe ili sheria itimizwe kwa herufi zake. Watunzi hao wawili waliinamisha, hawakuvunja. Lakini baada ya Rehema hofu yote ya Bunyan imegeuka upole, na njia yake imejaa watu ambao katika kitabu cha kwanza wasingefika: Bwana Hofu, aliyetetemeka safari nzima asisadiki kwamba atapokewa, na siku yake ya kuvuka mto maji yalipungua kuliko yalivyopata kuonekana, Mchechemea, aliyeziacha fimbo zake ukingoni, na Kata-tamaa na binti yake mwoga. Binti huyo aliingia majini akiimba. Waliosimama pwani ya mto walimsikia, ila hapana aliyefahamu alichokuwa akisema, na Bunyan, aliyekuwa na maelezo kwa kila jambo, hapo hakueleza.