Wanaolea Maziwa ya Garsen

Mwanamke wa Kiorma anayepeleka maziwa sokoni Garsen huanza kazi yake kabla ya kumgusa ng'ombe. Huanza na chombo. Kiwe kibuyu, kiwe chombo kilichosukwa kwa nyuzi zikakazwa mpaka hazipitishi tone, hakitiwi maziwa mabichi kabla hakijafukizwa.

Kijinga hutolewa motoni, mwali hupulizwa ukazima, likabaki kaa jekundu linalotoa moshi mzito. Huingizwa chomboni, mdomo ukazibwa kwa kiganja, kisha chombo huzungushwa taratibu. Taratibu hiyo ina sababu. Kaa likituama mahali pamoja litaunguza ubavu, na likitolewa mapema moshi hautafika chini, penye unyevu. Mkono unaozungusha husikia joto likipita kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa joto hilo mwenye chombo hujua moshi umefika wapi. Kaa likififia, huingizwa jingine. Baadaye masizi yaliyozidi hukunwa kwa kijiti kilichopondwa ncha, chombo hukung'utwa, kikafunikwa. Halafu hufunuliwa tena kidogo, na mwenyewe akakinusa.

Kunusa huko huchukua muda mfupi sana, na mgeni anaweza kukaa kutwa nzima asikuone. Mimi naona ndicho kiini cha ufundi wote. Pua inatafuta vitu viwili: moshi uwepo, na uchachu wa jana usiwe umeoza. Pakiwa na harufu ya uvundo chombo hurudi motoni, hata kama wanawake wenzake wameshatangulia njiani.

Kuni nazo hazichukuliwi ovyo. Wasamburu, kule juu, husifu mzeituni wa mwitu kwa kusafishia vibuyu vyao. Huku tambarare za Tana, mzeituni haupo, ila migunga ipo ya kutosha, na kila jamii ya wafugaji ina miti yake inayoiamini kwa moshi mtamu na ile inayoikwepa kwa sababu huacha ukali kinywani. Orodha ya miti hiyo ni elimu ya msitu, na binti huipata kwa kutumwa kuni na kurudishwa akileta zisizofaa.

Sasa tuingie ndani ya chombo, mahali ambapo jicho halifiki. Moshi wa kuni una kemikali za jamii ya fenoli pamoja na fomaldehidi, ambazo hunata kwenye ukuta wa chombo na kuua au kudhoofisha vijidudu vingi vinavyoozesha. Joto hukausha unyevu. Lakini moshi haufagii kila kitu. Katika vitundu vya ukuta wa kibuyu hubaki bakteria wanaopenda uchachu, na maziwa mapya yakimiminwa ndio wanaoamka kwanza. Hula sukari ya maziwa na kuifanya asidi ya laktiki. Maziwa mabichi huwa na pH ya karibu 6.6, inaposhuka kufikia 4.6 protini hugandamana, na hayo ndiyo maziwa lala tunayoyajua. Katika uchachu wa namna hiyo vijidudu vingi vya kuharisha hupata shida ya kuzaliana. Kwa hiyo moshi huchuja: huwapunguza waharibifu na kuwaachia nafasi wajenzi. Mwanamke hajawahi kuwaona hata mmoja wao, ila amewachagua kila asubuhi, kama alivyofanya mama yake na bibi yake.

Kwamba uchaguzi huo una uzito, maabara imedokeza kwa njia ya ajabu. Mwaka 2005 watafiti waliochunguza susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa hapa Kenya, walieleza kundi zima la bakteria wa laktiki waishio humo, akiwemo Lactobacillus plantarum na Leuconostoc mesenteroides, pamoja na hamira kadhaa. Baadaye watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich walimsoma bakteria mmoja kutoka susa ya Kenya, wakampa namba CJ18, wa aina ya Streptococcus infantarius. Ukoo anakotoka una ndugu wanaotiliwa shaka katika maradhi ya moyo na ya utumbo. Lakini huyu, jenomu yake ilipochambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alionekana amebadilika ili aishi ndani ya maziwa: amepoteza baadhi ya alivyokuwa navyo, na amepata jeni za kula laktosi zinazofanana na zile za bakteria wa mtindi wa viwandani. Mabadiliko kama hayo yanahitaji maziwa yasiyokatika, chombo baada ya chombo, kizazi baada ya kizazi. Nikisoma matokeo hayo ninaona kazi ya wafugaji imeandikwa ndani ya kiumbe hai. Wenye maabara wenyewe hawakukimbilia kumtangaza kuwa salama kwa sababu ya ndugu zake, na tahadhari hiyo naiheshimu.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu ufukizaji ni kwamba unaokoa maji. Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini, hufika Garsen ukiwa umebeba udongo wa Aberdare na wa Mlima Kenya, na mifugo hunywa humo humo watu wanamoteka. Karibu na Kipini na Ozi chumvi ya bahari hupanda mtoni wakati wa kiangazi. Kaunti hii ya Tana River imewahi kupigwa na kipindupindu. Kuosha chombo cha maziwa kwa maji ya namna hiyo ni kukaribisha maradhi ndani. Kukisafisha kwa moto na moshi, bila maji au kwa maji kidogo sana, ni jibu lililotoka kwa watu wanaoujua mto wao. Ndiyo maana dumu la plastiki, ambalo sasa limeenea kila soko la maziwa, linanitia wasiwasi. Ni jepesi, halivunjiki na hupakiwa kwenye pikipiki bila taabu, lakini haliwezi kupokea kaa la moto, pembe zake hazifikiki kwa mkono, na kuliosha kunarudi kule kule kwenye maji ya mto.

Tena dumu huchanganya. Mchuuzi hukusanya maziwa ya wanawake wengi, na chombo kimoja kilichofukizwa kwa haraka huharibu yote. Vituo vya kukusanyia maziwa vina vipimo vyake: maziwa huchanganywa na alkoholi, na yakikatika yanakataliwa, au hutiwa rangi ya bluu ya methilini, ambayo hufifia upesi vijidudu vikiwa vingi. Ni vipimo vizuri. Ila hupima mwishoni, maziwa yakiwa yameshakutana, wakati pua ya mama ilishapima chombo kimoja kimoja asubuhi ile ile. Wachuuzi wazoefu wanalijua hilo, na hununua kwa jina la mwenye chombo.

Na maziwa yenyewe hueleza habari za nchi. Majani yakiwa mabichi, siagi huwa ya manjano kwa sababu ng'ombe hula rangi ile ndani ya nyasi. Kiangazi kikikaza, siagi hupauka. Mwenye kukamua hujua kwa rangi, uzito na ladha kama ng'ombe alilala kwenye majani ya delta au kwenye vichaka vikavu vya bara. Delta ya Tana, ambayo tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni kimbilio la mifugo wa mbali wakati wa ukame. Hushuka mtoni kupitia malka, zile njia za mifugo ambazo Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima wamegombania na kupatana juu yake miaka mingi. Nyasi hizo huletwa na mafuriko ya kawaida, maji yanayopanda kwa utulivu na kuacha tope. Katika tope hilo hilo ndimo mkulima wa Kipokomo hupanda mpunga na mahindi maji yakishuka. Tangu mabwawa ya juu yajengwe, kuanzia Kindaruma mwaka 1968, kisha Masinga mwaka 1981, hadi Kiambere mwaka 1988, mto haupandi kama zamani. Anayetaka kujua upungufu huo umefika wapi aulize pia wanaokamua, maana wao huupima kila siku.

Sitaki kuusifia moshi kwa lisilo lake. Kijidudu cha bruselosi hutoka ndani ya mnyama pamoja na maziwa, na uchachu peke yake haumuui kwa haraka ya kutosha. Vivyo hivyo kifua kikuu cha ng'ombe. Homa ya Bonde la Ufa ilipoenea mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007, ikianzia upande wa Garissa na kugusa Tana River, hakuna kibuyu kilichoweza kuizuia, na watu walihimizwa kutokunywa maziwa mabichi. Dawa ni kuchemsha. Lakini kuchemsha huua pia wale wema, na hapo ndipo ufundi huonyesha wepesi wake: maziwa yakichemshwa, yakaachwa yapoe hadi joto la mkono, kisha yakamiminwa katika chombo kilichofukizwa pamoja na tone la maziwa lala ya jana, huganda vizuri. Usalama wa jiko na urithi wa chombo hukaa pamoja. Waganga wa mifugo na maofisa wa afya wangefika mbali zaidi kama wangeanzia kwenye tone hilo badala ya kuanza kwa kukataza.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 hayakuwa yale ya utulivu. Yaliingia vijijini, yakawahamisha watu kwa maelfu, na barabara ya kwenda Lamu ikakatika. Nyumba ikichukuliwa na maji, vyombo navyo huenda. Kibuyu kipya hununuliwa, lakini ndani yake hamna kitu: hakina moshi uliokolea, hakina wale wenyeji wa ukutani, na maziwa ya mwanzo hutoka machungu au hayagandi. Dawa yake ni jirani. Mwenye chombo kilichookoka hummiminia mwenzake maziwa kidogo, na huyo huyaacha ndani ya kibuyu kipya usiku kucha, akayamwaga, akafukiza, akatia tena, hadi siku chombo kitakapoanza kunukia inavyotakiwa.