Chungu cha Masika Huinjikwa Kiangazi

Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi, zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha ardhi hukaa kavu kwa nusu mwaka. Hakuna vuli ya kumwokoa aliyekosa masika. Kalenda hiyo humwekea mwenye jiko hesabu ngumu: chakula kinachovunwa ndani ya miezi michache kitoshe mwaka mzima, na miezi ambayo ghala huanza kuonyesha sakafu, yaani Januari hadi Machi, ndiyo hiyo hiyo ya kupanda na kupalilia, kazi inayotaka mwili ulioshiba. Familia za huku zimelijibu swali hilo kwa ufundi unaostahili kuchambuliwa kwa makini, nao kwa kifupi ni huu: mlo wa masika hautengenezwi masika. Huandaliwa kiangazi, miezi minne au mitano kabla ya kuliwa, kwa kukausha, kuloweka, kutwanga na kuhifadhi. Kinachowekwa ghalani ni chakula pamoja na saa za kazi zilizokwisha kutumika, ili mtu anayetoka shambani jioni ya Februari, amelowa na amechoka, asianze kazi ya siku nne ndipo ale. Hoja yangu ni kwamba saa hizo za kiangazi ndizo kiungo kikuu cha jiko la huku, na kwamba leo zimepata mdai mwingine mwenye nguvu, naye ni mkorosho.

Tuanze na muhogo, maana ndio nguzo ya miezi ya njaa. Muhogo mchungu una kiini kiitwacho linamarini, ambacho peke yake kimetulia. Katika mmea huo huo, lakini mahali pengine ndani ya chembe, kuna kimeng'enya chenye uwezo wa kukivunja. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukikatwa, ukipondwa au ukilainika majini, kuta zinabomoka, vinakutana, na sumu ya sianidi inazaliwa. Jambo linaloweza kumshangaza mtu ni kwamba kuzaliwa kwa sumu hiyo ndiko kunakotuokoa, kwa sababu sianidi huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu na hupeperuka yenyewe hewani. Hatari ni linamarini inayobaki imefungwa ndani ya unga, ikasubiri kufunguliwa tumboni. Kwa hiyo kazi yote ya muhogo ni kuwapa adui wawili nafasi ya kukutana na muda wa kumalizana kabla chakula hakijafika sahani. Vipande vinavyomenywa na kuanikwa juani kuwa makopa hupoteza sehemu kubwa ya sumu, lakini robo au hata theluthi yake huweza kubaki, kwa kuwa jua kali hukausha upesi na kimeng'enya hakifanyi kazi pasipo unyevu. Ndiyo maana kipande kinene kinachokauka polepole ni salama kuliko ukanda mwembamba unaokauka kwa siku moja. Muhogo uliolowekwa siku tatu au zaidi hadi ukavunda, kisha ukaanikwa, hutoka na mabaki madogo zaidi. Katika kazi hii yote, muda ndio unaofanya kazi ya moto.

Kisamvu kinafuata kanuni ile ile kwa mwendo wa haraka. Majani hutwangwa kwanza, tena hutwangwa sana, ndipo yachemshwe kwa muda mrefu, na mwisho ndipo karanga au korosho zilizotwangwa hutiwa. Mpangilio huo una sababu yake. Mchi ndio unaokutanisha kimeng'enya na linamarini, na moto ndio unaofukuza sianidi iliyokwisha kuzaliwa. Mtu akigeuza utaratibu, akachemsha majani mazima kabla ya kuyatwanga, joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini hubaki imetulia ndani ya mboga iliyoiva vizuri kwa macho. Hakuna mama aliyehitaji maabara kuupata mpangilio huu. Uliokotwa kwa vizazi vya kuangalia nani aliumwa tumbo na nani alipona, ukakabidhiwa kwa mikono, kwenye kinu. Kuuita mazoea tu ni kuupunguzia heshima yake. Huo ni utaalamu, wenye hatua, sababu na adhabu kwa anayeruka hatua.

Adhabu hiyo imeandikwa katika historia ya majirani. Mwaka 1988, wilayani Masasi, hatua chache kutoka Nachingwea, ukame ulileta upungufu wa chakula, na watu wakaanza kutengeneza unga wa muhogo kwa njia ya mkato: kutwanga na kuanika, kutwanga na kuanika, bila kungoja siku zinazotakiwa. Walioula waliumwa kwa sumu. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame ulizaa janga la konzo lililowapata watu zaidi ya 1,000. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kurudi nyuma, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulionekana pia mkoani Mtwara. Matukio haya matatu yanafundisha jambo moja zito. Mmea wa muhogo ukikosa maji huongeza linamarini katika mizizi yake. Mwaka wa njaa, basi, ndio mwaka ambao muhogo unadai muda mrefu zaidi, na ndio mwaka ambao mwenye njaa ana muda mfupi zaidi wa kuupa. Familia iliyoandaa makopa yake kiangazi, ikiwa na utulivu wa kungoja, imejikinga na mtego huo. Familia inayong'oa muhogo Februari na kutaka ugali jioni hiyo hiyo imeingia ndani yake, hata kama inajua kila hatua kwa moyo.

Sehemu ya pili ya kinga iko kwenye mboga. Mwili wa binadamu unaweza kuibadilisha sianidi kidogo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotokana na protini. Anayekula ugali wa muhogo kwa chumvi na majani matupu siku baada ya siku ndiye aliye hatarini. Anayekula ugali huo huo kwa dagaa, kunde, mbaazi au karanga ana pa kuegemea, ingawa samaki wana salfa hiyo kwa wingi kuliko jamii ya kunde. Hapa pia kiangazi ndicho kinachoamua. Mbaazi hupandwa na mvua pamoja na mahindi, lakini huchelewa kukomaa. Mahindi yakishavunwa, mbaazi huendelea kusimama, hula unyevu wa chini, na hukauka tayari kwa kuvunwa katikati ya ukame. Ni mmea unaovuka kutoka msimu mmoja kwenda mwingine kwa miguu yake, na hukabidhi protini wakati shamba lingine lote limelala. Mbaazi zilizokaushwa vizuri na kuhifadhiwa mahali pakavu hufika masika zikiwa nzima, na ndizo zinazoutia nguvu mlo wa muhogo. Makopa na mbaazi huandaliwa mbalimbali, lakini kwa kazi ya kulinda mwili ni chakula kimoja.

Sasa tuweke kalenda ya mkorosho juu ya kalenda hiyo. Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho hupuliziwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Kuanzia Septemba au Oktoba korosho huanza kudondoka, na kazi ya kuokota, kutenganisha na bibo, kuanika na kupeleka ghalani huendelea hadi Desemba au Januari. Ndiyo miezi ile ile ya kumenya, kuloweka na kuanika muhogo, na ya kuvuna na kupukuchua mbaazi. Mikono ni ile ile, na jua la kuanikia ni lile lile. Kwa miaka mingi familia zilipatanisha kazi hizo mbili, hata mabibo yakapata njia yake ya kuvuka msimu kwa kukaushwa kuwa kochoko. Lakini kazi yenye mnada, yenye tarehe na yenye fedha taslimu hushinda kazi ambayo malipo yake ni sahani ya Februari. Kuna jambo la kutafakari hapa: salfa inahesabiwa kwa mifuko na kupangiwa tarehe kwa ajili ya mti, wakati salfa ya sahani, ile ya mbaazi na dagaa, haimo katika mpango wa mtu yeyote isipokuwa mama mwenye jiko.

Atatokea wa kusema: korosho huleta fedha, na fedha hununua sembe, kwa hiyo saa za kiangazi zimetumika vizuri zaidi kuliko zamani. Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Korosho zimejenga nyumba za bati na kusomesha watoto katika wilaya hizi, na hakuna anayetaka kuwarudisha watu nyuma. Lakini fedha za msimu zina kalenda yake. Huingia mwisho wa mwaka, hukutana na mahitaji ya shule ya Januari, na inapofika Februari, bei ya unga inapopanda, mara nyingi zimekwisha kugawanywa. Tena, mkulima hana mamlaka juu ya tarehe ya kulipwa. Katika msimu wa 2018, Serikali ilichukua ununuzi wa korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzibeba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini malipo ya wengi yalivuka mwaka na kuingia 2019, yaani ndani ya miezi ya njaa yenyewe. Linganisha na mbaazi. Agosti 2017 India iliwekea mipaka uingizaji wa mbaazi, na bei nchini ikaporomoka. Hasara ilikuwa ya kweli, lakini mbaazi zilizokosa soko ziliweza kutelekwa chunguni. Korosho ghafi haina njia hiyo nyepesi, maana ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na kuibangua ni kazi ya siku nyingi. Zao lenye chungu likikosa mnunuzi hubaki chakula. Zao lisilo na chungu likikosa mnunuzi hubaki deni. Simwambii mkulima akate mikorosho. Namwambia kwamba fedha ni nguzo moja, na nyumba haisimami kwa nguzo moja.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo linatoka upande wa wanawake. Huu unaoitwa ufundi, watasema, umebebwa na mabega yao: maji ya kuloweka wanayachota wao, mchi wanauinua wao, na kusifu kinu ni rahisi kwa asiyekitwanga. Wana haki. Ndiyo maana hoja yangu haidai mchi urudi. Mashine ya kusaga imeondoa mzigo mkubwa, na ikae. Lakini tujue inachofanya na isichofanya. Mashine hurahisisha kuyageuza makopa kuwa unga. Haifanyi kazi ya kuloweka wala ya kungoja. Unga mweupe laini kutoka mashineni unaweza kuwa na sumu kama uliotwangwa kwa pupa. Na kwa wanaopendekeza kuacha muhogo mchungu kabisa na kupanda mtamu pekee, jibu liko shambani. Uchungu huo huo humzuia nguruwe pori na nyani, na katika vijiji vilivyo karibu na misitu hilo ni ulinzi usiohitaji mlinzi. Kinachotakiwa ni kuupunguza mzigo huku muda ukiheshimiwa.

Njia ipo, na ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtafiti wa Australia, J. Howard Bradbury, alibuni utaratibu wa kulowesha unga ambao baadaye ulitumika pia kusini mwa Tanzania katika kuzuia konzo. Unga wa muhogo huwekwa kwenye bakuli na kina chake huwekewa alama. Maji hutiwa huku unga ukikorogwa. Kwanza kina hushuka, kisha hupanda, na kikirudi kwenye alama, maji yametosha. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya jamvi, unene usiozidi sentimita moja, na huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilicholala ndani ya unga mkavu huamka kwa maji, hufanya kazi kiliyonyimwa na jua la kiangazi, na sianidi huondoka. Kisha unga husongwa ugali siku hiyo hiyo. Hapa hakuna mashine, dawa wala gharama: ni jamvi na saa mbili. Njia hii haifuti kazi ya kiangazi, bali huisahihisha pale ilipokatizwa na msimu wa korosho.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Vyama vya msingi, ambavyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, tayari huwafikia wakulima kuhusu salfa, maghala na minada, viwafikie pia kuhusu makopa na mbaazi, kwa kalenda moja, kwenye mkutano mmoja. Palipoandikwa Julai ni mwezi wa kupulizia, paandikwe pia kuwa ni mwezi wa kuloweka muhogo. Palipotangazwa tarehe ya mnada, patajwe pia magunia mangapi ya mbaazi yabaki nyumbani kabla ya mengine kwenda ghalani. Jiko la Februari litaacha kuwa siri ya mama mmoja mmoja, likawa hesabu ya kijiji kizima, na jioni ya mvua mtoto anayerudi shule atakuta ugali umesongwa kwa unga uliopewa muda wake wote.